Homoni ya Kike na Moto Uwakao Ndani ya Damu

Askari aliyechomwa na mwiba mguuni wakati wa doria, akaupuuza kwa siku mbili tatu, huyajua vema yatakayofuata. Mguu huvimba na kupata moto, ngozi hukaza na kung'aa, usingizi humruka, na mwishowe usaha hutoka, mara nyingine ukiwa na rangi ya kijani kwa mbali. Mama watoto huchemsha maji yenye chumvi, hukiosha kidonda, na usaha hutupwa pamoja na kitambaa. Ni wachache wafikirio kwamba kilichotupwa pale ni mizoga ya walinzi kwa mamilioni, waliokufa wakiwa lindoni, na kwamba ile rangi ya kijani yatoka katika silaha yao wenyewe.

Walinzi hao ni chembechembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo nutrofili. Katika mtu mzima, kwa kawaida, zaidi ya nusu ya chembechembe nyeupe ni za aina hiyo. Uboho wa mifupa hutengeneza nutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku, kwa kuwa maisha yake ni mafupi mno. Nyingi huzunguka katika damu kwa saa chache tu, kisha huingia katika nyama za mwili na kufa. Hapa yafaa kuongeza jambo moja ambalo limewatia hofu vijana wengi waliopimwa damu. Watu wengi wa Afrika iliyo kusini ya Sahara wana hesabu ya nutrofili iliyo chini kuliko ile iliyoandikwa katika vitabu vya Ulaya, wala si wagonjwa. Sababu yake ni tofauti ndogo ya urithi, ambayo huizuia aina moja ya malaria isiingie katika chembechembe nyekundu.

Aliyefumbua macho ya dunia kuhusu walinzi hawa ni Mrusi Elie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sisilia, alichoma mwiba wa waridi katika kiluwiluwi cha kiti cha pwani, kiumbe kidogo cha baharini kilicho angavu kama kioo. Asubuhi yake alikuta chembe zimeuzunguka mwiba kama umati wa watu uliomzunguka mwizi. Kwa kazi iliyotokana na uvumbuzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akishirikiana na Mjerumani Paul Ehrlich.

Metchnikoff aliona kwamba chembe hizo humeza viini vya maradhi. Hakujua zinaviuaje. Mwaka 1933 Baldridge na Gerard walipima upumuaji wa chembechembe nyeupe za mbwa, wakaona kwamba mara tu zinapoanza kumeza, hutumia oksijeni nyingi kwa ghafla. Walidhani kwamba hiyo ni pumzi ya mtu anayebeba mzigo mzito, yaani oksijeni ya kupatia nguvu tu. Ilichukua miaka 40 kuonyesha kwamba sivyo. Mwaka 1973 Babior, Kipnes na Curnutte, wote wa Marekani, walitangaza kwamba oksijeni ile hugeuzwa kuwa silaha.

Silaha hiyo ni radikali huru. Jina lenyewe latisha, lakini maana yake si ngumu. Katika molekuli nyingi elektroni hukaa mbili mbili, kama askari wa doria ya usiku ambao hawatumwi mmoja mmoja. Radikali huru ni molekuli iliyobaki na elektroni isiyo na mwenzake. Molekuli ya namna hiyo haitulii. Hunyang'anya elektroni ya jirani, na jirani naye akinyang'anywa hugeuka mnyang'anyi. Nutrofili ina mtambo maalumu katika utando wake, ambao huipachika oksijeni elektroni moja ya ziada na kuifanya kuwa radikali iitwayo supaoksaidi. Hiyo nayo hubadilika upesi ikawa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ambayo tabibu wa zahanati alikuwa akiimwaga katika kidonda mpaka ikatoa povu. Kisha kimeng'enya chenye rangi ya kijani, kiitwacho mieloperoksidesi, huichanganya na klorini itokayo katika chumvi ya mwilini, na hapo hutengenezwa kitu kilekile kinachofanya kazi katika maji ya kung'arishia shuka na kuulia wadudu chooni. Hivi viwili vya mwisho si radikali hasa, ila ni uzao wake. Huo ndio ukijani wa usaha.

Ubaya wa moto huu ni kwamba hauchagui. Huunguza kiini cha maradhi, lakini ukiwashwa pasipo sababu, au ukichelewa kuzimika, huunguza pia ukuta wa mshipa wa damu, kiungo cha goti na pafu. Kwa hiyo mwili umepewa vizima moto vyake. Mwaka 1969 McCord na Fridovich walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiondoa supaoksaidi. Watu wengi, wakisikia mahubiri ya wauza vidonge, hudhani kwamba radikali huru ni adui mtupu na kwamba heri zingetoweka zote. Kuna ugonjwa unaowajibu.

Katika miaka ya 1950 waganga wa Marekani walianza kuandika habari za watoto wa kiume waliokuwa wakipata majipu yasiyokwisha: ya ngozi, ya tezi, ya mapafu, hata ya ini. Chembechembe zao nyeupe zilikuwa nyingi, zikienda mbio panapo maradhi, na kumeza kama kawaida. Lakini zilizomezwa hazikufa. Baadaye ilifahamika kwamba ule mtambo wa kutengenezea supaoksaidi ulikuwa mbovu tangu kuzaliwa, na mwaka 1986 jeni yake kuu ilipatikana katika kromosomu ya X. Mtoto wa kiume ana X moja tu; ikiwa mbovu, hana ya akiba. Mama yake ana mbili. Damu ya mama huyo ikichanganywa na dawa fulani ya njano ambayo hugeuka buluu panapo supaoksaidi, fundi wa maabara huona katika darubini jambo la ajabu: baadhi ya nutrofili zimekuwa buluu, na nyingine, jirani zake, zimebaki vilevile. Mwanamke mmoja, majeshi mawili, moja lenye silaha na jingine mikono mitupu, naye kwa kawaida hupona majipu ya mwanawe kwa sababu lile lenye silaha latosha. Watoto hao siku hizi huishi kwa kupewa kila siku Septrin pamoja na dawa ya kuzuia kuvu, na wachache waliobahatika hubadilishiwa uboho.

Jambo hilo latokana na kromosomu, si homoni. Lakini lilisaidia kuamsha swali ambalo wanasayansi wanalishughulikia hadi leo: je, mwanamke na mwanamume hupigana na maradhi kwa silaha zilizo sawa? Na homoni ya kike, estrojeni, ina amri gani juu ya moto huu?

Estrojeni ilipatikana ikiwa safi mwaka 1929, na Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake. Mali ghafi ilikuwa mkojo wa wanawake wajawazito. Iliyo kali kuliko zote mwilini ni estradioli. Kiasi chake ni kidogo mno. Hupimwa kwa pikogramu, yaani gramu moja ikigawanywa katika sehemu milioni milioni. Mwanzoni mwa mwezi wa mwanamke huweza kuwa pikogramu 50 hivi katika mililita moja ya damu. Kabla ya yai kutoka hupanda hadi 200 au 400. Wakati wa mimba huhesabiwa kwa maelfu. Hedhi inapokoma hushuka sana. Wanaume nao wanayo, kwa kuwa miili yao huigeuza sehemu ya homoni yao ya kiume kuwa estradioli. Wazee wa kambini watashangaa kusikia kwamba bwana wa miaka 65 aghalabu ana estradioli nyingi kuliko bibi yake wa umri huohuo.

Kuipima athari yake juu ya nutrofili ni kazi inayoonekana rahisi. Damu huchukuliwa, chembechembe nyeupe hutengwa, huwekwa katika vichupa, vingine vyenye estradioli na vingine visivyo nayo. Kisha huamshwa kwa kitu kinachofanana na harufu ya bakteria. Supaoksaidi hupimwa kwa kuangalia protini fulani inavyogeuka rangi. Ipo njia nyingine nzuri zaidi kuitazama: mwaka 1972 ilionekana kwamba nutrofili zinapopigana hutoa mwanga hafifu mno, kama kimulimuli aliye mbali, ambao chombo chaweza kuuhesabu.

Majibu yaliyopatikana, hata hivyo, hayakukubaliana. Maabara kadhaa zilieleza kwamba estradioli huupunguza moto. Nyingine hazikuona tofauti. Nyingine ziliona umeongezeka. Mtu asiyejua kazi ya sayansi angesema kwamba wataalamu hao hawajui wanalofanya, lakini mwenye subira ataona kwamba kila mmoja alikuwa ameshika sehemu yake ya tembo.

Kwanza ni kipimo. Molekuli ya estradioli ina pete moja inayofanana na ile ya vitu vinavyozuia mafuta yasichache, na pete hiyo yaweza kumpa radikali elektroni inayoitafuta na hivyo kuituliza. Lakini ili nguvu hiyo ionekane katika kichupa, mara nyingi huhitajika estradioli mara 1,000 au zaidi kuliko ile iliyomo katika damu ya mwanamke asiye mjamzito. Ni kama kuthibitisha kwamba maji huzima moto kwa kuitumbukiza nyumba nzima katika Ziwa Nalubaale. Ni kweli, ila haimsaidii mwenye ndoo moja.

Pili, kwa kiasi chake cha kawaida homoni hii haifanyi kazi kama maji bali kama barua ya amri. Huingia ndani ya chembe, hupokewa na kipokezi chake, na wote wawili huenda kwenye jeni na kuamuru zipi zifanye kazi na zipi zilale. Kwa muda mrefu kilijulikana kipokezi kimoja tu. Mwaka 1996 wataalamu wa Sweden walitangaza cha pili. Vyote viwili vimeonekana katika nutrofili za binadamu. Amri hiyo huchukua muda kutekelezwa, kwa hiyo jaribio la dakika kumi haliwezi kujibu kama jaribio la siku nzima. Tena katika kuta za mishipa ya damu estrojeni huongeza gesi iitwayo nitriki oksaidi, ambayo huilegeza mishipa ili damu ipite vizuri. Gesi hiyo ikikutana na supaoksaidi nyingi, zote mbili hugeuka kuwa sumu nyingine. Basi homoni ileile yaweza kusaidia mahali palipo tulivu, na isisaidie mahali ambapo moto umekwisha kuwaka.

Tatu ni huyo aliyetoa damu. Mwaka 1977 Klebanoff, bingwa aliyefanya kazi miaka mingi juu ya kile kimeng'enya cha kijani, alionyesha kwamba nutrofili zinapomeza viini huikamata estrojeni na kuifunga ndani yake. Kwa maneno mengine, si homoni tu inayoigusa chembe. Chembe nayo huitumia homoni. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulieleza kwamba nutrofili za wanawake vijana zilikuwa zimekomaa na kuwa macho zaidi kuliko za wanaume wa rika lao. Mlinzi aliye macho ni neema siku ya uvamizi. Siku nyingine humpiga mwenye nyumba. Hiyo yaweza kuwa sehemu ya sababu kwa nini ugonjwa wa lupasi, ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huwapata wanawake takriban tisa katika kila wagonjwa kumi.

Mahali ambapo mambo haya huonekana bila darubini ni katika mimba. Mtoto tumboni nusu yake ni ya baba, ni mgeni katika mwili wa mama, na bado hafukuzwi. Nutrofili za mama huongezeka hesabu, lakini baadhi ya wachunguzi wamekuta kwamba katika miezi ya kati na ya mwisho kila moja hutoa radikali kidogo kuliko kawaida ikiamshwa. Askari wameongezwa, risasi zimepunguzwa. Estrojeni si mkuu wa pekee katika jambo hilo, kwa kuwa projesteroni na homoni nyingine pia zimepanda.

Mpango huo unapovurugika, hatari ni kubwa. Katika ugonjwa unaotangulia kifafa cha mimba, nutrofili za mama hukutwa zimeamshwa kupita kiasi, zikimwaga radikali nyingi juu ya kuta za mishipa, huku shinikizo la damu likipanda. Hapa mume asingoje kueleweshwa mara mbili. Mama mwenye mimba iliyopita wiki 20 akilalamika kwa kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Dawa ipo na ni ya bei nafuu: magnesiamu salfeti. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2002, lililowahusisha akina mama zaidi ya 10,000 wa nchi 33, dawa hiyo ilipunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Vidonge vya vitamini C na E, ambavyo wengi walitumaini vingeuzima moto huo, vilijaribiwa baadaye kwa maelfu ya wajawazito na havikuzuia ugonjwa.

Kosa kubwa zaidi lilifanywa kwa upande wa wanawake waliokoma hedhi, na ni kisa kinachostahili kuelezwa kwa urefu. Ilikuwa imeonekana siku nyingi kwamba wanawake walio katika umri wa kuzaa hupata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko wanaume, na kwamba hedhi ikikoma nafuu hiyo hupungua. Estrojeni imeshuka, mishipa imeharibika. Je, si wazi kwamba tiba ni kuirudisha estrojeni? Maabara zilikuwa tayari na maelezo: homoni huzuia radikali, hulinda mafuta ya damu yasiharibiwe nazo, hulegeza mishipa. Tangu mwaka 1942 huko Marekani ilikuwa ikiuzwa estrojeni iliyotolewa katika mkojo wa farasi wenye mimba. Kufikia miaka ya 1990 mamilioni ya wanawake waliimeza, na wengi waliambiwa kwamba inawakinga moyo. Waliochunguzwa wakiitumia walionekana kweli kuwa na afya njema kuliko wasioitumia. Ila walikuwa pia wenye kipato, wenye elimu, na wenye kumwona daktari mara kwa mara, na hilo halikutiliwa maanani ipasavyo.

Hatimaye ilibidi jambo lijaribiwe kwa haki. Wanawake 16,608 wa Marekani wenye umri wa miaka 50 hadi 79, wenye mfuko wa uzazi, waligawanywa kwa kura: nusu walipewa estrojeni pamoja na homoni mwenzake, nusu vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Jaribio lilitakiwa kuendelea kwa zaidi ya miaka 8. Mwezi Julai mwaka 2002, baada ya miaka 5 na kidogo, lilisimamishwa. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, walizidi 7 waliopata ugonjwa wa moyo, 8 waliopata kiharusi, 8 ambao damu iliganda na kuziba mapafuni, na 8 waliopata saratani ya matiti. Faida zilikuwapo pia: walipungua 5 waliovunjika nyonga, na 6 wenye saratani ya utumbo mpana. Hesabu ni ndogo kwa mtu mmoja, lakini dawa ile ilikuwa imetolewa kwa watu wazima wa afya ili iwakinge, nayo haikuwakinga. Tawi la pili la jaribio, la wanawake 10,739 waliokwisha kuondolewa mfuko wa uzazi, ambamo dawa iliyojaribiwa ilikuwa estrojeni pekee, nalo lilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya viharusi.

Je, maabara zilikuwa zimesema uongo? La. Zilisema kweli juu ya vichupa. Estrojeni haikuishia kwenye radikali za nutrofili. Ilifika pia kwenye ini na kuongeza vitu vinavyogandisha damu, na wengi wa wanawake wale walikuwa na umri uliozidi miaka 60, mishipa yao imekwisha kuharibika. Ndiyo sababu madaktari wa leo hutofautisha. Mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijakoma kwa zaidi ya miaka 10, akisumbuliwa sana na joto la ghafla na jasho la usiku, aweza kupewa homoni baada ya kupimwa, kwa kuwa hakuna dawa inayoyatuliza mambo hayo vizuri kama hiyo. Kumpa bibi wa miaka 70 ili kukinga moyo wake ni jambo lililoachwa.

Wanaume nao wana kisa chao. Nchini Finland wavuta sigara wa kiume 29,133 waliingizwa katika jaribio la vidonge vinavyosifiwa kwamba huua radikali huru. Majibu yalipotangazwa mwaka 1994, waliopewa beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karoti na maembe hayakuhusika, ni vidonge.

Kwa hiyo bibi mwenye kutumia vidonge vya kupanga uzazi asivitupe kwa kusoma habari hizi, kwani uamuzi huo ni wake pamoja na mganga wake. Lakini akiwa amepita miaka 35 naye huvuta sigara, au ana shinikizo la damu, au huona maluweluwe kabla ya kuumwa kichwa, vidonge vyenye estrojeni havimfai, na ampashe muuguzi habari hiyo hata kama hakuulizwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla na pumzi kukatika, ni hospitali, si duka la dawa. Na chupa zinazouzwa vituo vya mabasi, zisizoandikwa kilichomo, zikiahidi kurudisha ujana wa akina mama na kusafisha damu, ziachwe hapo hapo kituoni.

Kazi ya maabara inaendelea. Kwa miaka mingi wachunguzi wengi walitumia panya dume peke yake, au walichanganya damu ya watu bila kuandika ni ya mume au ya mke. Tangu mwaka 2016 taasisi za serikali ya Marekani zinazogharimia utafiti wa afya humtaka mwombaji wa fedha aeleze jinsia ya wanyama na watu atakaowachunguza, na akitaka kutumia jinsia moja tu atoe sababu. Uchunguzi makini wa nutrofili sasa humwuliza mwanamke anayetoa damu maswali ambayo zamani hakuna aliyeyauliza: ana umri gani, yuko siku ya ngapi ya mwezi wake, ana mimba au hana, na anameza vidonge vipi.